Asasi yenu itegemee ruzuku ya mfadhili au michango midogo ya kila mwezi kutoka kwa wafuasi?
Kwa fedha nyingi kwa mkupuo, ruzuku inashinda: andiko la mradi likipita, mna bajeti ya miaka miwili au mitatu. Ila kila senti ina kifungu chake. Mkilipia pango la ofisi kwa fedha za semina, mkaguzi atayakataa matumizi hayo na mtazirudisha.

Uhakika je? USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, ilipofungwa mwaka 2025, miradi mingi ilisimama katikati na wafanyakazi wakaachishwa kazi. Wachangiaji 300 hawaondoki siku moja.

Lakini michango midogo huanza polepole, tena huvuja kimyakimya: kadi ya benki inaisha muda, makato yanakwama, na hakuna anayegundua. Kagueni malipo yaliyokwama kila mwezi, mumpigie mchangiaji ndani ya wiki. Kazi hiyo inalipa kweli, kwa sababu fedha hizo hulipa mishahara na umeme bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mwenye mhasibu na mradi unaopimika aandike maombi ya ruzuku. Mwenye wafuasi waaminifu lakini hana mhasibu aanze na michango. Na kama mnategemea ruzuku moja inayoisha ndani ya miezi 12, anzeni kusajili wachangiaji sasa.