Wauza mipira wa Ndosho walikataa kuniuzia mupira mupya

Bandugu wenye 4x4 hapa Goma, juzi nilipita kwa vijana fulani wa mipira ya gari pale Ndosho, barabara ya Sake, na kusema kweli ni mara ya kwanza naona mfanyabiashara anakataa pesa yangu. Niko na RAV4 ya 2003, mupira mmoja wa nyuma ulipasuliwa ubavu na haya mawe yetu ya volkano, mi nikataka tu mupya mmoja wa namba ile ile nikimbie kazi. Kijana akainama akaangalia ile mitatu iliyobaki, akasema, "Papa, huu siuzi, utarudi kunitukana."

Akachukua kamba, akaizungusha kwenye ule mupya, akatia alama na biki, halafu akaipeleka kwenye mmoja wangu wenye meno ya milimita 3 hivi (mupya uko na 8). Kamba ikazidi vidole viwili! Na zote ni namba ile ile, 215/70 R16. Sasa RAV4 ya miaka ile inavuta mbele na nyuma saa zote, hakuna pa kuzima, na mupira uliokwisha unazunguka karibu mara 6 zaidi kila kilomita, njo kile kifaa cha katikati, kinachounga mbele na nyuma, chenye mafuta mazito ya silikoni kinabaki kusagana bila kupumua, kinapata moto mpaka kinakamata. Hiyo naijua, ju zamani garaji moja ilinifungia miwili mipya nyuma na mbele ikaniachia vipara, gari ikawa inajivuta kwenye kona kama mbuzi anapelekwa sokoni, nikalipa dola 400 na mekanisiye alikuwa ananiambia eti ni embreyaji (klachi). Wenye Hilux za kuingiza magurudumu 4 kwa levye mko na nafuu mkitembelea mbili, ila ile miwili ya nyuma ifanane.

Basi kijana akachimba ule mlima wake wa okazio, mipira iliyokwisha kutumika, zaidi ya saa nzima, kamba mkononi, mpaka akapata uliochakaa sawa na yangu. Dola 20. Ule mupya ningelipa 65.

Ubaya wao: hakuna kiti, vumbi yote ya Sake unaimeza wewe, fakitire hawatoi, na mashine ya ekilibraji hawana kwa hiyo usukani unatetemeka kidogo ukifika 80 (lakini 80 utaifikia wapi huku). Nilivyotaka kuondoka akaona mupira wangu wa sekuri (wa akiba), mupya kabisa, haujawahi kugusa chini. Akacheka. "Huo papa, ufike nao hapa tu, kwa Rutshuru usiende nao."