Ukijifunza kupiga picha, uanze na Atget au Cameron?
Eugène Atget, mpiga picha Mfaransa, alibeba kamera iliyonasa picha kwenye vioo vya sentimita 18 kwa 24, akapiga mitaa ya Paris asubuhi mapema. Ukimfuata, Mji Mkongwe wa Zanzibar ni bure: toka saa kumi na mbili na nusu upige mitaa na milango yake, kabla vespa hazijajaa vichochoroni. Stendi ya kamera, ISO 100 (kamera isihisi mwanga mno), f/11 (tundu dogo la lenzi), taima ya sekunde 2 ili mkono usitikise. Ukirudi, futa lenzi. Chumvi ya Forodhani haina huruma.

Julia Margaret Cameron, mpiga picha Mwingereza aliyepewa kamera 1863 akiwa na miaka 48, alishughulika na nyuso. Kwake stendi si lazima: mkalishe bibi kando ya mlango ulio wazi, lenzi ya milimita 50, f/2 (tundu kubwa), 1/125 ya sekunde. Wengi hulenga pua, macho yakafifia.

Lakini bibi huchoka, mlango hauchoki. Mwenye haya aanze na milango. Mwenye jamaa wavumilivu, nyuso.