TAHADHARI ARUSHA NA MOSHI: huyu muuza mazulia ya pundamilia "bandia" anauza ngozi ya ng'ombe iliyopakwa rangi

Jamani, mwenye mpango wa kununua zulia la pundamilia bandia mtandaoni asitoe hela kwanza. Mwenzenu nimepigwa, tena nimepigwa mchana kweupe getini kwangu, majirani wanaona.

Mnaokijua kile chumba changu cha nyuma ninachopangisha wageni mnajua kwa nini nilikuwa nahangaika. Wageni wangu wengi ni hawa wa kujitolea, na yule binti wa Uholanzi aliyeshika nafasi mapema hatumii chochote cha mnyama, hata asali hali. Kwenye tangazo la chumba nimeandika mwenyewe kwamba humu ndani hakuna ngozi wala manyoya ya mnyama. Na pundamilia halisi mimi siligusi hata nikipewa bure. Hiyo ni nyara ya serikali, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 ipo, na sitaki siku moja watu wa TAWA, mamlaka ya wanyamapori, waniulize cheti cha umiliki kwa sababu ya pambo la sakafuni. Kwa hiyo bandia, basi.

Msiniambie sikuwa makini. Huyu kaka, dada wa saluni alishanunua kwake mapazia, yakaja mazuri. Ana adabu, shikamoo mama kila ujumbe, na umri wetu haupishani sana. Nilipomuuliza kama ana ngozi halisi, nikimpima tu, aling'aka: "Hapana mama, mimi vitu vya kuua wanyama siuzi, ni dhambi." Sasa mtu kama huyo unamshuku kwa lipi?

Akaja na bajaji. Zulia limevingirishwa, limefungwa nailoni, selotepu kila upande, na lebo ya kwamba ni polista asilimia 100. Nikamwambia fungua nione. Akasema mama, vumbi hili la huku kwetu likishaingia kwenye manyoya halitoki, lifungulie ndani, ila hofu yako naielewa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha ukubwa wa kiganja, mistari ileile myeusi na myeupe. Eti kimekatwa pembeni ya hilohilo zulia. Akanyofoa nyuzi chache, akawasha kiberiti cha gesi. Nyuzi zikajikunja, zikayeyuka, zikabaki kitone cheusi kigumu. Akakiweka kwenye kiganja changu kikiwa bado na joto. "Gusa mama. Manyoya ya mnyama hayayeyuki hivi, yananuka kama kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa, halafu yanakuwa majivu."

Na ni kweli! Hapo ndipo panaponiuma. Kipimo alichonifanyia ni kipimo sahihi kabisa, mafundi wote wanakijua, ila alikifanya kwenye kitambaa chake cha mfukoni. Zulia lenyewe hakuligusa. Mimi nimesimama pale na kitone changu mkononi, nimeridhika, nikamtumia 280,000 papo hapo. Jina lililotokea kwenye simu halikuwa lake. Akasema ni la mke wake, ndiye anayeshika hesabu. Haya.

Nilipolifungua, dawa ya nondo ilinipiga usoni. Nikampigia, akasema ni harufu ya kontena, anika kidogo itaisha. Nikaanika, ikaisha kweli. Zikaja mvua, chumba kikapata unyevu, na harufu nyingine ikaanza kupanda chini ya ile ya kwanza. Mume wangu akasema kuna panya amekufa. Tukasogeza kitanda, tukasogeza kabati, panya hakuna. Aliyetuonyesha ni mbwa wa jirani: mlango umeachwa wazi, kaingia, kalikamata zulia kwa kona, kakaa anatafuna mwenyewe taratibu. Mbwa hatafuni polista kwa mapenzi yale.

Nikalibeba hadi kwa fundi viatu wa pale Kijenge. Aliligeuza tu akacheka. Nyuma hakuna kitambaa, ni ngozi, kavu kama ubao, imekaushwa kwa chumvi vibaya. Akachovya tambara kwenye spiriti, akasugua mstari mmoja mweusi. Weusi ukahamia kwenye tambara, na chini yake ikatokea CHAPA. Alama ya moto ya mwenye ng'ombe, kovu kabisa, manyoya hayajaota hapo. Yaani nimelala na ng'ombe wa watu mwenye chapa yake, na tangazo langu linasema hakuna mnyama humu ndani!

Nikamuuliza fundi, sasa faida iko wapi kuuza ngozi halisi kama bandia? Akanishangaa. Ngozi za kukataliwa, zenye matundu ya kisu na makovu ya kupe, machinjioni unazipata kwa bei ya kutupa, wengine wanazifukia kabisa. Ile bandia nzuri ndiyo ya gharama, inatoka nje. Kwa hiyo hapa kwetu mnyama ndiye rahisi kuliko plastiki, na huyu bwana kashalijua hilo. (Najua kuna atakayekuja kuniambia polista nayo inachafua mazingira. Sawa, hilo tutabishana siku nyingine, leo niacheni.)

Nilipomwandikia, akasoma, akanifungia. Ukurasa kabadilisha jina, picha ni zilezile, na sasa anasema anapeleka mzigo hadi Moshi. Namba yake nimeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, na kituo cha polisi nimepewa RB, namba ya taarifa yangu. Mimi ningependa avalishwe hilo zulia azunguke nalo Soko Kuu saa saba mchana, jua linawaka, lianze kutoa ile harufu, na kila mama aliyemwibia apite amsalimie shikamoo. Arudishe hela, alipe na fidia ya mgeni, maana mvulana wa kwanza aliyelala humo kaniuliza kwa upole kama kuna shida ya choo. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kwa atakayekutana naye: akikataa kufungua, mwache aondoke. Nyuzi nyofoa mwenyewe, kwenye zulia lenyewe, katikati, si kwenye kipande. Geuza nyuma uone kama kuna kitambaa. Mwombe mawili yanayofanana, bandia yatafanana, ngozi haifanani na mwenzake. Na jina la kutumia hela likitokea si lake, yaliyonikuta mmeshayasikia.

Namba na picha za ukurasa ninazo, aje inbox. Na anayemjua mtu anayesuka zulia la mkonge la ukubwa wa chumba, hata kama yuko Tanga, anitumie namba yake leo. Mistari nitampa mchoro, na yule binti anaingia Jumamosi.