TAHADHARI: Jamaa wa mabwawa ya kuakisi hapa Kisumu, msimpe hata shilingi

Jamani, mnaojenga Riat, Mamboleo na Kibos, someni hii kabla hamjatuma pesa. Kuna jamaa mpole, shati limepigwa pasi, anayejiita msanifu wa mabwawa ya kuakisi, yale ya maji yaliyotulia yanayoonyesha nyumba nzima. Amekula laki mbili na nusu zangu na simu amezima.

Na mnaocheka, ngojeni kwanza. Huyu hakuja na maneno matupu. Alichukua karai la mafundi, akalipaka rangi nyeusi ndani, ikakauka, akalijaza maji na kuliweka mbele ya baraza. "Mama, inama kidogo, acha maji yatulie." Nikainama. Nikaona paa, nguzo zote mbili, na mwembe wa jirani hadi majani yake. Nani angekataa? Tena akanionyesha picha za Taj Mahal, na lile bwawa la Washington mbele ya jengo la Lincoln, urefu zaidi ya mita 600, kina hakifiki hata mita moja. Akasema kina si hoja, muhimu ni sakafu nyeusi na ukingo ulio sawasawa. Na ni kweli! Hapo ndipo panaponiuma, mwizi anayejua kazi. Nikatuma M-Pesa nikiwa bado nimesimama kando ya karai.

Sasa njooni mwone alichojenga. Vigae vya buluu vya bafuni: ukitazama unaona vigae, nyumba huioni. Ukingo umelala, upande huu maji yanamwagika, upande ule ukuta mkavu upana wa kiganja. Na ule udongo wetu mweusi, ambao kila mtu wa Kano anajua huvimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, hakuuondoa. Alimwaga zege jembamba juu yake, bila hata nondo moja. Ufa umepita katikati, ukijaza jioni asubuhi hakuna kitu. Kijana wangu amenisomea kwamba hata lile la Washington lilititia na kuvuja mpaka likajengwa upya, kazi ikaisha 2012. Hilo hakunitajia, mshenzi yule.

Afungwe! Arudishe pesa, na akitoka jela aje auchimbe huo udongo kwa mikono yake. Baba watoto anasema tumtupe bwawani, lakini atazama na nini?

Dalili? Risiti hakutaka kuandika. Kadi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi kila siku "iko kwa gari". Picha zote za ng'ambo, ya hapa kwetu hata moja hana. Tena alikataa tujaze maji kabla ya vigae, na bwawa hujazwa kwanza, unatia alama ukutani, unangoja siku kadhaa uone kama yanashuka.

OB, yaani namba ya ripoti ya polisi, ninayo, kituo cha Kondele. Kama amekula na zako, niandikie kando tuunganishe kesi. Na kama yuko saiti kwako sasa hivi, funga geti kisha unipigie.