apt-file imeniokoa na kubahatisha laibrari, uzoefu wangu kwenye Ubuntu 22.04

Nimetumia apt-file, programu ya teminali inayokuambia faili fulani iko kwenye pakeji gani, kama miezi minane sasa na nimeona niandike maana kuna watu bado wanahangaika kama nilivyohangaika mimi, programu inagoma kufunguka, inalalamika haioni faili fulani ya .so (laibrari, yaani msimbo ambao programu nyingi zinauchangia), halafu mtu anaanza kubahatisha majina ya pakeji au anaenda kudownload hiyo .so kwenye saiti asiyoijua na kuitupia /usr/lib. Jamani msifanye hivyo, hiyo faili hujui imetengenezwa na nani na itaingia ndani ya kila programu itakayoiita.

Ilianza hivi. Nilipewa kazi ya kuandaa kompyuta 6 za ofisi moja na wana programu yao ya kuingiza takwimu, inakuja kwenye zip tu, hakuna .deb (faili ya pakeji ya Ubuntu), hakuna maelezo inahitaji nini. Nikaifungua kwenye teminali ikatoa ule ujumbe wa Qt (zana za kujengea madirisha ya programu) unaochanganya watu wengi, kwamba plagini ya xcb, kipande cha kuonyesha dirisha kwenye skrini, imeonekana ila imeshindwa kufunguka. Nikapiga ldd, amri inayoorodhesha laibrari ambazo programu inahitaji, kwenye programu yenyewe, kila laibrari ipo. Hapo nilipoteza karibu siku nzima nakagua vitu visivyo na shida. Kumbe ile plagini haimo kabisa kwenye orodha ya ldd, programu inaiita yenyewe ikishaanza kukimbia, kwahiyo ldd inabidi uipige kwenye plagini, ile libqxcb.so iliyo ndani ya folda ya platforms. Nilipofanya hivyo ikatoka mistari mitatu ya not found: libxcb-icccm.so.4, libxcb-keysyms.so.1 na libxcb-render-util.so.0.

Sasa majina ya faili ninayo, pakeji gani inazo? apt search inaangalia majina na maelezo ya pakeji, haijui ndani kuna faili gani. dpkg -S inajua faili ila za pakeji ulizokwisha install tu, na mimi natafuta nisichonacho. apt-file ndo inaziba hilo pengo, inashusha orodha ya faili zote za pakeji zote zilizo kwenye ripo zako (hazina za mtandaoni Ubuntu inakochukulia pakeji), halafu unaiuliza. Nikaandika apt-file search libxcb-icccm.so.4 na jibu likaja palepale, pakeji ni libxcb-icccm4, njia ni /usr/lib/x86_64-linux-gnu/. Tatu zote chini ya dakika moja, nika-install, dirisha la programu likafunguka. Siku nzima na dakika moja!

Kuna jamaa aliniambia mbona hayo majina unaweza kukisia, chukua jina la laibrari bandika namba ya mwisho. Mara nyingi ni kweli, libssl.so.3 iko kwenye libssl3. Lakini libcrypto.so.3 iko wapi? Nayo imo humohumo kwenye libssl3, na libgthread-2.0.so.0 iko kwenye libglib2.0-0. Hizo hukisii hata ukae mpaka asubuhi.

Sehemu iliyonifunza zaidi ni pale apt-file ilipokosa jibu. Kipande cha programu hiyohiyo kinachotuma data kilitaka libssl.so.1.1 (laibrari ya usimbaji ya OpenSSL), nikatafuta, sikuona libssl1.1 hata mstari mmoja. Mwanzoni nilidhani apt-file imeharibika, kumbe huo ukimya ndo jibu lenyewe: Ubuntu 20.04 ilikuwa nayo, 22.04 wamehamia OpenSSL 3. Mwenzangu akataka kutengeneza simlinki (jina la faili linaloelekeza kwenye faili jingine), libssl.so.3 ijifanye libssl.so.1.1, tukajaribu, ikakataa kwamba toleo OPENSSL_1_1_0 halipo. Ile namba ya mwisho ina maana, ni ahadi kwamba ndani mambo yamepangwa vile programu inavyotegemea, kubadilisha jina la faili hakubadilishi kilichomo. Tulifuta simlinki tukawaomba wenye programu watoe toleo lililojengwa kwa OpenSSL 3, na wakalituma.

Yanayoniudhi yapo. Haiji na Ubuntu, lazima uiweke mwenyewe, na ukishaiweka usipopiga sudo apt-file update haina cha kukujibu. Hiyo update inakula makumi ya MB, kwa sisi wa bando inauma, ila huhitaji kuiweka kwenye mashine zote, mimi ninayo kwenye laptop yangu tu yenye Ubuntu ileile. Pia inatafuta kipande chochote cha jina, ukiandika libssl.so tu inakuletea na libssl-dev, ambayo ni ya kukompailia, wewe wa kuendesha programu tu unataka ile yenye namba. Tumia -x (inatafuta kwa ruwaza, regex) na uweke alama ya dola mwishoni, yaani jina liishie hapo, utapata kitu chenyewe.

Na kama una .deb mkononi unataka kujua inatoa laibrari zipi, dpkg -c faili.deb inakuonyesha kilichomo, na dpkg-deb -I faili.deb shlibs inakupa jina la laibrari, namba yake na pakeji ya kutegemea, kama mwenye pakeji kaiandika. Kitu ambacho hukiamini usikipigie ldd, inaweza kuishia kuendesha hiyo programu, tumia objdump -p uchuje mistari ya NEEDED, ndo laibrari inazohitaji.

Wa Fedora nyie mna dnf provides kwa kazi hiyohiyo, RPM (mfumo wa pakeji wa Fedora) inarekodi laibrari yenyewe pakeji inapojengwa, ila andikeni jina zima 'libGL.so.1()(64bit)' na hizo alama za kunukuu, mkiacha hiyo ()(64bit) mtaletewa ya 32-bit mkashangaa kwanini programu bado haifunguki.