Canon 6D ya mtumba: miezi saba kwenye sherehe za Moshi

Nianze na bei ya kamera hii ili wenye haraka waondoke mapema: milioni moja na laki mbili, bodi pamoja na lenzi ya milimita 50, duka moja la ghorofani Arusha mjini. Kijana aliyeniuzia alikuwa ananisifia megapikseli. "Dada, hii ni ishirini nzima!" Nikamwambia, mdogo wangu, megapikseli niachie mwenyewe, nipe nijaribu sensa. (Si ile ya kuhesabu watu; ni chipu iliyo nyuma ya lenzi, inayopokea mwanga na kuugeuza picha.)

Jaribio langu halihitaji fundi. Funga tundu la lenzi hadi f/16, piga ukuta mweupe, ikuze picha: kila doa jeusi ni vumbi lililokaa kwenye sensa. Kisha ziba lenzi kwa kifuniko chake, piga picha ya sekunde 30. Nukta nyekundu au za bluu zinazong'aa humo gizani ni pikseli zilizochoka, yaani vile vijisehemu vidogo vya sensa vinavyopokea mwanga. Hii ilikuwa na madoa manne na nukta mbili. Kwa kamera iliyotangazwa mwaka 2012, si haba. Kijana akataka kuyapuliza madoa kwa mdomo, nikamnyang'anya. Mate ni balaa kuliko vumbi.

Nilikotoka ni kamera ya Nikon D80, na sina ubaya nayo, imenisomeshea mtoto. Lakini ISO yake, yaani kipimo cha jinsi kamera inavyohisi mwanga, iliishia 1600, ukiilazimisha 3200, na hapo picha inajaa punje kama uji usiokorogwa. Sherehe zetu huku mlimani mnazijua: turubai limefungwa katikati ya migomba, jua likishuka giza linaingia mara moja, na mambo yenyewe matamu ndiyo kwanza yanaanza. Ukiwasha flashi, bibi harusi anakuwa mweupe kama chaki na nyuma yake kunakuwa shimo.

Desemba iliyopita nilikuwa Kibosho kwenye kipaimara. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, anaingia, majani mdomoni, umeme ukakatika. Jenereta ikagoma. Watu wakawasha taa za simu na kuendelea kuimba. Nikapandisha ISO hadi 12800 nikapiga. Punje zipo, sitawadanganya, ila uso wa bibi yake mtoto ulitoka na mikunjo yake yote, na mwanga wa simu umeangukia shavuni.

Nilipomwonyesha mwanangu, anayesoma uhandisi, akaniambia, "Mama, hiyo teknolojia ilitengenezwa kwa ajili ya vyombo vya anga." Nikadhani ananitania. Nilikwenda kusoma, nikakuta ni kweli.

Sensa ya D80 ni CCD, wazo lililozaliwa kwenye maabara ya Bell Labs, Marekani, mwaka 1969 kwa Willard Boyle na George Smith, wakapewa Nobel mwaka 2009. Inavyofanya kazi ni kama mafundi wanaomwaga zege: kila pikseli inampa jirani karai lake la umeme uliotokana na mwanga, naye anampa mwingine, mpaka mwisho wa mstari ndipo linapimwa. Karai moja likimwagika njiani, picha imeharibika. Na huko angani mionzi hutoboa njia, makarai yanamwagika kweli. Tena mfumo huo unakula umeme mwingi.

Maabara ya JPL iliyoko Pasadena, California, ambayo chuo cha Caltech huiendesha kwa niaba ya NASA, shirika la anga la Marekani, ilitaka kamera ndogo, nyepesi, isiyomaliza betri ya chombo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 timu ya Eric Fossum pale ikaachana na kupokezana huko: kila pikseli ikapewa kipaza chake cha kukuza umeme wake, ipimwe palepale ilipo, kwenye chipu ya CMOS inayofanana na chipu za kompyuta. Wazo la pikseli yenye kipaza lilikuwepo kabla yao, Wajapani nao walikuwa wameligusa. JPL waliongeza uaminifu wa mizani. Muuza maharage mwungwana pale sokoni Mbuyuni hupima kwanza kopo tupu, kisha kopo na maharage, akatoa uzito wa kopo. Pikseli yao ilifanya hivyo hivyo, na makelele mengi ya umeme yakatoka kwenye hesabu.

Mwaka 1995 Fossum na wenzake wakaanzisha kampuni ya Photobit kuitoa kazi hiyo maabara kuipeleka sokoni. Canon walijitengenezea sensa yao wenyewe, na mwaka 2000 wakatoa kamera ya D30 yenye CMOS. Kwa hiyo 6D yangu haikutoka JPL, msije mkaninukuu vibaya. Maabara ilithibitisha kwamba njia inapitika, viwanda vikapita. Na niwe mkweli: sehemu ya ushindi wangu wa Kibosho ni ukubwa tu. Sensa ya 6D ina takriban milimita 36 kwa 24, eneo linalozidi mara mbili la D80, na kamera yenyewe ni changa kwa miaka sita.

Kasoro sasa. Sensa hii inasoma mstari kwa mstari, kwa hiyo ukirekodi video huku unageuka haraka, nguzo za kanisa zinalala kama zimelewa mbege. Kwenye kumbi zenye taa za LED za rangi, picha nyingine hutoka na michirizi. Pointi za fokasi ni 11 na gizani naiamini moja tu, ya katikati. Nafasi ya memori kadi ni moja, na hili kwa harusi linanikosesha usingizi. Nabadilisha kadi kabla ya keki na baada ya keki. Ukitaka kupiga mpira uwanjani, tafuta kamera nyingine.

Yale madoa manne yaliondoka kwa pampu ya mpira. Nukta mbili bado zipo, nazifuta kwenye kompyuta.

Ile picha ya Kibosho niliichapisha ukubwa wa A3, nikapanda nayo mwenyewe. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu. Akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani, akaitazama kitambo. Kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia kilemba kimekaa upande.