Kofia ya sufu ngumu ya Moshi: nimeitengeneza kwa mikono yangu, nimeivaa mlimani

Karakana iko Soweto, hapa Moshi, nyuma ya nyumba ya mama anayeiendesha. Haina kibao. Ukiulizia kwa mama wa kofia, utaonyeshwa. Unalipa shilingi 60,000, unakaa kutwa nzima, na kofia unaitengeneza mwenyewe huku yeye akikuelekeza. Mimi ni mgumu, nabeba mizigo ya wageni Kilimanjaro, na sijanunua kifaa cha mlimani kilichonifaa kama hiki.

Nianze na sufu, maana hapo ndipo wengi watasita. Si laini. Sufu ya kondoo wa merino inayosifiwa madukani ina unyoya wa unene wa maikroni 20 hivi (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Hii ni ya kondoo wa Corriedale kutoka nyanda za juu za Kenya, inaingia kwa magunia kupitia mpaka wa Namanga, na unyoya wake ni maikroni 25 hadi 31. Kondoo wetu wa Kimasai hawasaidii kitu hapa, kwa kuwa wana manyoya mafupi kama ya mbuzi na hawana sufu ya kukata. Mama huifua sufu hiyo na kuichambua kwa chanuo mpaka inakuwa nyepesi, upepo ukipita inaruka.

Kazi inaanza na futi ya kupima kichwa. Changu ni sentimita 58 kuzunguka, nusu yake 29. Lakini kiolezo cha nailoni nene alikikata upana wa 42, kwa sababu sufu hunywea karibu theluthi. Juu ya kiolezo unatandaza sufu nyembamba, tabaka moja wima, linalofuata mlalo, mpaka manne kila upande. Halafu maji ya moto na sabuni ya mche.

Hapa ndipo nilipomwelewa huyu mama kuwa ni mwalimu. Unyoya wa sufu una magamba madogo sana. Maji ya moto, sabuni na msuguano huufanya usogee na kuingia katikati ya mwenzake, magamba yananasa, na hautoki tena. Sufu laini hunasa haraka. Hii ngumu inakataa kwa muda mrefu. Unapapasa, unapapasa, bado unaona manyoya yaliyolowa tu. Mwenye haraka ataanza kukandamiza, tabaka zitahama na kuacha matundu. "Taratibu mwanangu, papasa tu, itashika yenyewe," alikuwa akiniambia. Mara kwa mara anafinya uso wa sufu kwa vidole viwili: nyuzi zikinyanyuka peke yake, bado, likinyanyuka tabaka zima, imeshika. Hakuniachia niruke hatua hata pale nilipomwambia mikono imechoka.

Ikishashika unaiviringisha kwenye jamvi, unageuza, unaviringisha tena, kwa sababu inanywea zaidi kule ulikoviringishia. Mwisho unaipigiza mezani, unaisuuza kwa maji yenye siki kidogo kuondoa sabuni, kisha unaivalisha kalibu ya mti wa mgrevilea na kuvuta ukingo uwe pama. Faida ya sufu ngumu utaiona hapo: inasimama. Ukingo haulegei, na huhitaji gundi wala waya.

Nimeivaa njia ya Machame kwenye mvua ya msituni. Sufu hunyonya unyevu hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi imelowa, na hata ikilowa bado inatunza joto. Kofia za akriliki, yaani nyuzi za viwandani, tunazookota soko la mitumba la Memorial kwa bei ya chee zikilowa zinakuwa baridi tupu kichwani. Usiku wa wageni kuelekea kilele cha Uhuru, sisi wagumu wengi tunabaki kambi ya Barafu, mita 4,673, na upepo wa pale wenzangu mnaujua. Masikio yangu yalikuwa na joto mpaka asubuhi.

Sasa kasoro. Inawasha kwenye paji la uso, na mama hauweki utepe wa pamba kwa ndani. Nimeshonesha kwa fundi cherehani, lakini kwa bei ile ungepaswa kuwemo. Ikilowa inanuka kondoo. Pama haiingii chini ya kofia ya koti la mvua, kwa hiyo mwenzangu unayefanya kazi ya mlimani mwombe ile isiyo na ukingo, inayoshuka mpaka masikioni. Anaitengeneza kwa bei hiyo hiyo, na kama ningeanza upya ningechagua ile. Jiko la kuchemshia maji ni moja, mkiwa watu wengi mnasubiriana. Pia msimu wa Juni na Julai, Moshi ikiwa imefunga mawingu, kofia haikauki siku hiyo. Unaiacha kwenye kalibu na kurudi kuichukua.

Ukiifua nyumbani tumia maji ya baridi, bila kusugua, la sivyo itaendelea kunywea na hutaivaa tena. Iweke mahali penye hewa, ikiwa safi, maana nondo hupenda sufu chafu. Mwenye kichwa kikubwa amwambie mama mapema, kwa kuwa kalibu alizonazo zinaishia sentimita 60.